Kwa mdogo wangu aliye Uingereza, kuhusu chupa ya Baba

Mdogo wangu,

Nakuandikia hapa, ambapo hata wasiotujua watasoma, kwa kuwa wewe ndiye uliyelitoa jambo hili nje kwanza. Tarehe 20 Juni 2025, wabunge wa huko walipoupitisha mswada wa kusaidiwa kufa kwa kura 314 dhidi ya 291, uliandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba kama Baba angekuwa huko asingeteseka alivyoteseka. Shangazi aliisoma akalia. Mimi niliiweka simu kifudifudi mezani nikaenda kukamua, na hadi leo sijakujibu.

Unaikumbuka Ijumaa ile ya tarehe 29 Novemba 2024 kwa sababu ya kura ya kwanza ya mswada huo. Mimi naikumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya tatu bila mofini, ile dawa ya maumivu ya chupa. Nilikuwa nimeshuka kutoka Bahati hadi mjini Nakuru mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa dirishani kwamba dawa haijafika, nijaribu wiki inayofuata. Baba alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, maana akilala chali mate yalimkaba, saratani ilikuwa imekwisha kuliziba umio kiasi kwamba hata uji ulipita kwa shida. Alikuwa ameuma pindo la blanketi ili watoto wasimsikie. Ukapiga simu, nikaiweka kwenye mto ili akusikie vizuri, na wewe, bila kuuliza amekula nini wala amelala vipi, ukamwambia kwamba Bunge la huko limepiga kura 330 kwa 275, kwamba kufa ni haki ya mtu, kwamba si dhambi. Kisha ukaniambia mimi, naye anasikia: "Dada, muachie chupa yake, ajiamulie mwenyewe."

Hukuuliza chupa ina nini. Ilikuwa tupu, mdogo wangu. Nilikuwa nimeisuuza kwa maji ya moto asubuhi ile nikampa yale maji, nikitumaini kwamba pengine kuna tone lililobaki.

Hilo ndilo nimeshindwa kukusamehe, na nimejaribu. Sikukasirika kwa kuwa uliumia kwa ajili yake. Najua uliumia, nilikusikia ukivuta kamasi upande wa pili, na najua mshahara wa Oktoba wote ulitutumia sisi. Nimekasirika kwa sababu ulimpa mtu mwenye kiu sheria badala ya maji. Jumatatu dawa ilipofika, alilala saa nane mfululizo, akaamka akaomba uji wa wimbi, akauliza kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mtu uliyemwambia Ijumaa kwamba ana haki ya kufa, Jumanne alikuwa anataka kujua habari za ndama.

Muuguzi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa wasiopona, alikuwa ametufundisha kwamba dawa ile hutolewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi, wala hangojewi mgonjwa alie kwanza. Huo si ujuzi wa Nakuru peke yake. Ulienezwa na daktari Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mwaka 1967, huko huko London, naye alipinga kuwasaidia wagonjwa kufa hadi mwisho wa maisha yake. Nashangaa kwamba katika miaka yote uliyokaa huko, ni huo mswada tu uliopata nafasi ya kutufikia.

Januari ulinitumia habari nyingine, ya Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Nairobi, ambaye tarehe 9 Januari 2025 alikitangaza kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kuwa kinyume na Katiba. Ukaandika, "Hata Kenya imeanza kuelewa." Hukuisoma vizuri. Kifungu hicho kilimwadhibu mtu aliyejaribu kujiua akanusurika, na jaji alisema, kwa haki kabisa, kwamba mtu wa namna hiyo anahitaji matibabu na heshima, si jela. Niliifurahia hukumu hiyo, kwa sababu tunamjua jirani aliyetolewa hospitalini akapelekwa kituoni. Lakini kifungu cha 225 hakikuguswa. Anayemsaidia mwingine kujiua anaweza kufungwa maisha, na kinamtaja pia anayemshauri hadi akashawishika. Usiku ule, mimi ndiye ningekuwa mkono wa kutenda na wewe ulikuwa mshauri, ila wewe ulikuwa mbali na kituo cha polisi. Hata huko uliko, sheria ya mwaka 1961 ilikuwa bado inampa msaidizi hadi miaka 14 jela, na mswada wenyewe ulitaka madaktari wawili, jopo la wataalamu, na mgonjwa ambaye hatarajiwi kuishi zaidi ya miezi 6. Haukusema popote kwamba mtoto apige simu usiku.

Nakushauri basi, kama dada yako mkubwa: ukitaka kupigania haki, anza na iliyokwisha kuandikwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitaja huduma shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, ndani ya haki ya kila Mkenya. Mtu asiyepata mofini kwa siku tatu akaomba kufa, hajachagua chochote. Nami sikumnyima chochote. Nilifanya kilichowezekana, nilimgeuza kila baada ya saa mbili, nilimfulia, nilimnyoa, na hakuna kidonda hata kimoja kilichomtoka mgongoni, muulize Shangazi.

Lakini baada ya simu yako nilianza kuifungia dawa. Niliiweka ndani ya lile sanduku la bati la Baba, nikatia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Unajua kwamba mimi nimebeba jina la nyanya, mamake Baba, na kwamba tangu utotoni Baba ananiita Mama. Siku moja aliuona ufunguo nilipoinama kumfuta mdomo, akaushika kwa vidole viwili. "Mama," akasema, "siku hizi unanifungia?" Sikuwa na jibu. Ulinifanya askari wa baba yangu katika miezi yake ya mwisho, na sidhani unajua kwamba ulifanya hivyo.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwishoni mwa Januari, usiku mmoja, dawa ilikuwapo, alikuwa ameipata kwa saa yake, uso umetulia. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikadhani amelala. Akasema, "Mama, leo siumwi. Nimechoka tu. Nifungulie hilo sanduku." Nilimwambia naenda kupasha maji. Nikakaa jikoni hadi makaa yakafa, na niliporudi alikuwa amegeukia ukutani. Hakuniomba tena. Alifariki wiki tatu baadaye, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, na hakuwa na maumivu.

Utasema kwamba usiku huo ndio ulioukusudia tangu mwanzo. Labda. Nimeufikiria mara nyingi kuliko wewe, na bado nisingelifungua. Alikuwa amechoka, nami nilikuwa mtoto wake, na kuna vitu ambavyo mtoto haombwi, hata akiitwa Mama. Kama huko wameamua daktari ndiye aombwe, na wayapime hayo wao. Mimi nasema kuhusu nyumba yetu.

Chupa niliirudisha hospisi na dawa iliyobaki, nikatia sahihi. Sanduku bado lipo. Baba alisema ni lako, kwa sababu ndani yake mna vyeti vyako vyote vya shule, hata vile vya darasa la kwanza. Tunajengea kaburi Desemba. Njoo, nitakupa na ufunguo.

Dada yako.