Khadija, data za pweza usizifungie

Chake Chake, Pemba

Shoga yangu Khadija,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote wazima, alhamdulillahi. Mama anakusalimu, na anauliza zile nyuzi za kofia ulizomwahidi zimekwama bandari gani.

Ujumbe wako nimeusoma. Msimamizi wako anakudai mpango wa data, yaani maandishi ya namna utakavyozitunza na kuzitoa, kabla hujakanyaga Kisiwa Panza kupima kama kufunga miamba kwa muda kunaongeza pweza, na ndani yake mna sharti kwamba data zote ziwekwe hadharani kwa kuwa pesa ni za serikali. Ukaniuliza: mie nikae juani na wachokoaji pweza, halafu mtu aliyekaa Ulaya avune? Nilicheka, lakini khofu yako inaeleweka. Wamekuja wengi visiwani wakabeba sampuli na madaftari, na kilichoturudia ni jina la Pemba ndani ya makala isiyofunguka mpaka ulipe dola. Ila watazame vizuri watu hao. Hawakuweka data wazi hata siku moja, walizifungia. Na sisi tukifungia zetu, tutakuwa tumewashinda kwa lipi?

Mimi zamani nilikwenda ofisi moja ya umma, jina niliache, kutafuta hesabu za samaki waliokuwa wakiandikwa madikoni, pale wavuvi wanapoteremsha samaki. Bwana diko, msimamizi wa pale, aliandika, karani akakusanya, serikali ikalipa. Nikaambiwa aliyekuwa akiziweka amestaafu na kompyuta ilikuwa yake. Basi, mambo yakaishia hapo! Hakuna aliyeiba wala kukataa kunipa, zimepotea tu. Wala usidhani ni udhaifu wetu wa Kiafrika. Timothy Vines na wenzake huko Kanada waliwatafuta waandishi wa makala 516 za mimea na wanyama ili wawaombe data zao. Kwa kila mwaka uliopita tangu makala itoke, uwezekano wa data kuwa bado ipo ulishuka kwa asilimia 17. Anwani za barua pepe zimekufa, data ziko kwenye diski ambazo hazina tena mashine ya kuzisoma. Kwa hiyo unayemwogopa Ulaya mimi simuogopi sana. Naiogopa laptopu yako.

Lile la kuvuniwa, sikiliza. Marekani, ambako pesa nyingi za utafiti ni za walipa kodi, agizo la Ikulu yao la 2013 liliruhusu makala ikae mwaka mzima kabla ya kusomwa bure. Agizo la Agosti 2022 likaufuta mwaka huo, na likataka data zilizotumika kwenye makala nazo ziwe wazi siku makala inapotoka. Taasisi zao za afya nazo, tangu Januari 2023, zinadai mpango wa data kama huo wako. Lakini hata wao hawamwambii mtafiti atoe daftari lake angali anaandika. Data zinatoka pamoja na makala, au muda wa mradi ukimalizika. Basi na wewe andika hivyo hivyo kwenye mpango wako: zitatoka siku fulani, chini ya leseni inayomlazimu mtumiaji akutaje. Chagua hazina ya data ya mtandaoni inayozipa data zako namba ya kudumu, ili anayezitumia akutaje kama anavyotaja makala. Asiyekutaja ataonekana.

Na usisahau tuliyoyaona wenyewe. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi na SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, walianza kuvipiga picha visiwa vyetu kwa droni, na wanafunzi wa SUZA wakafunzwa kuzirusha. Picha zikawekwa wazi, kila mwenye intaneti azipakue. Watu wa nchi mbalimbali wakazitumia kufundishia kompyuta kutambua nyumba kutoka angani. Haya, Zanzibar imeibwa? Mapaa yetu yako pale pale.

Kuna jambo jingine hukuliuliza, na mimi ndilo linalonikaa moyoni zaidi. Itakuwaje ukikuta kufunga miamba hakujaongeza pweza? Hapo ndipo mkono utakapokuwa mzito, maana wafadhili, wizara, hata wanakijiji, kila mtu anataka habari njema. Unalijua lile jaribio la madini ya chuma kwa watoto wa hapa kwetu. Waliingizwa watoto zaidi ya 24,000, na kila mtu alitaraji chuma kiwasaidie. Agosti 2003 kamati huru iliyokuwa ikizipitia data ikaona wanaopewa chuma wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wenzao, ikashauri vidonge hivyo visimamishwe. Matokeo yakachapishwa katika jarida la tiba la Lancet mwaka 2006, mabaya kama yalivyo, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kuhusu chuma kwa watoto wadogo katika sehemu zenye malaria nyingi. Matokeo yale yangebaki kabatini, watoto wa kwingine wangeendelea kupewa vidonge bila tahadhari. Kwa hiyo pweza wasipoongezeka, sema hawakuongezeka, na tarakimu uziweke pale.

Lakini si kila kitu kitoke, na hapa mpango wako ni mwepesi mno. Majina ya wachokoaji na namba zao za simu yaondoe kabisa. Tangu 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, lakini hata isingekuwapo. Majina ya miamba pia, taratibu. Ukitangaza mwamba upi una pweza wakubwa na siku ipi unafunguliwa, bamvua likiingia utakuta madau ya watu hata huwajui. Taja kijiji, mwamba uache. Wanakijiji wenyewe waulize kabla ya kuanza, si baada ya kumaliza, nini kisitoke. Tena uzito wa pweza kwa kila mwezi uubandike pale dikoni, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Hazina ya mtandaoni bibi wa Kisiwa Panza haimfai kitu.

Nitumie jedwali lako likiwa tupu, vichwa vya safu tu, nikamwoneshe bwana diko. Nahisi atataka safu ya upepo, maana wewe hukuiweka, na siku za kusi hakwendeki mwambani.

Nyuzi za mama mpe yeyote anayepanda boti ya Mkoani.

Wasalaam,
Shoga yako Maryam