Asante mzee wa kofia ya kijani, mto Thego

Jamani nimshukuru yule mzee wa Jumamosi pale Thego, jina hata sikuuliza. Nilikuwa nimekaa kwa jiwe masaa mawili nikivua, samaki trauti wanaruka mbele yangu na hakuna anayegusa, nzi zangu (chambo bandia cha manyoya kwenye ndoano) nilizozifunga mwenyewe nyumbani zilikuwa zinazama tu badala ya kuelea. Akaichukua moja akaikamua kwa vidole, maji yakatoka, akacheka, eti hayo manyoya ni ya kuku jike, laini, yanakunywa maji, tafuta ya shingo ya jogoo. Akanipa zake nne za ndoano namba 14, nami nikampa zangu mbili mbovu (alizipokea bila kukunja uso, heshima!). Kurusha mara ya pili, trauti huyo! Mzee wangu, jogoo wa mama amebaki shingo nusu uchi, nimekufungia nzi sita.