Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Kifauongo Hakihitaji Dereva

Mheshimiwa Waziri,

Salamu, na pole kwa majukumu. Mimi ni mwalimu wa sayansi. Nakuandikia kuhusu mmea usiofika magotini, na fomu ambayo saini yako inaweza kuiondoa.

Wiki iliyopita niliwatoa wanafunzi wangu nje, hatua kama mia mbili kutoka darasani. Pembeni mwa njia kumeota kifauongo. Wote walishakigusa tangu wadogo, wakacheka, wakapita. Safari hii niliwachuchumaza: gusa kijani kimoja tu, kile kijijani cha ncha ya jani, halafu tulia. Vijani vikafumba viwiliviwili kuelekea shinani, kama mtu anayefunga vifungo vya shati, kisha kikonyo kizima kikalegea, pwa! Mmea hauna msuli hata mmoja. Pale kikonyo kinapoungana na shina pana kinundu kilichojaa maji. Chumvichumvi zikihama upande mmoja wa kinundu, maji huzifuata, na upande huo husinyaa. Kitabu chetu kinalimaliza jambo hili kwa mstari mmoja: "Mimea huitikia mguso." Basi.

Tulipokuwa tunasubiri vijani vifunguke, msichana mmoja akasema nyumbani kwao kifauongo hufumba jioni bila kuguswa. Kinajuaje kuwa jua limekuchwa? Nikajibu haraka, kama walimu tulivyo: giza. Akaniuliza, "Na tukikitia gizani mchana?"

Mheshimiwa, swali hilo ndilo alilojiuliza Mfaransa de Mairan mwaka 1729. Aliuweka mmea wa aina hii mahali pa giza, nao ukaendelea kufunguka mchana na kufumba usiku bila kuliona jua. Ndani yake mna saa. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa ya namna hiyo inavyoendeshwa na jeni, wakiwatumia nzi wadogo wa matunda. Binti yule aliufikia mlango wa elimu hiyo akiwa amechuchumaa vumbini, na mimi mwalimu wake nilikuwa nimekwisha kumpa jibu pungufu.

Sasa fomu. Kwa hatua zile mia mbili nilitakiwa kujaza karatasi ileile ya safari ya basi. Kwenye "jina la dereva" niliandika "miguu". Ikarudishwa. Nikaweka kistari, ikarudishwa tena kwa kutokamilika. Ruhusa ilitoka baada ya majuma matatu, na mada tulikuwa tumeshaipita.

Sipuuzi usalama. Nyoka wapo, na mtoto mmoja anatosha kupotea. Ndiyo maana natembea na mwalimu mwenzangu na sanduku la huduma ya kwanza. Ninaloomba ni waraka mfupi unaotenganisha ziara na kipindi cha nje, ili somo linalofanyika umbali wa kusikia kengele lihitaji idhini ya mwalimu mkuu pekee, siku hiyohiyo.

Kwa sasa tumeotesha kifauongo kwenye kopo na kukifungia kabati la maabara. Zamu ya kuchungulia huanza asubuhi, kwa mwanga hafifu wa kurunzi. Kabati liko ndani, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza dereva ni nani.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa sayansi