Barua ya wazi kwa Waziri wa Mawasiliano: zuieni hela kwanza, matangazo baadaye

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Najua jibu lake ni kazi iendelee, na mimi ni shahidi kwamba inaendelea, hasa kazi ya matapeli wa mtandaoni. Hao sijawahi kuwasikia wakilalamikia mazingira ya biashara.

Mimi ni fundi cherehani hapa Songea. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini wiki hii ukurasa ule ule wa Instagram ulioniliza mwaka jana umemliza fundi mwenzangu wa fremu ya jirani. Jina la ukurasa limebadilishwa, picha ni zile zile, mpaka ile video ya kijana anayepita katikati ya maboksi ya mashine akisema karibuni dukani kwetu Kariakoo. Mimi waliniuzia ovaloki, mashine ya kushona kingo za nguo zisichanike nyuzi, hewa tupu kwa shilingi 780,000. Mwenzangu wamemuuzia cherehani ya umeme, hewa vilevile, kwa hela aliyokopa kwenye kikoba. Marejesho anadaiwa kila wiki, na hayo si hewa.

Najua utakachoandikiwa na wasaidizi wako: wananchi wawe makini, walipe baada ya kupokea mzigo. Ni ushauri mzuri kwa mtu wa Sinza. Bodaboda inamletea mzigo mlangoni, anaufungua, anaukagua, ndipo anatoa hela. Sisi tulio karibu kilomita elfu moja kutoka Kariakoo, hakuna muuzaji, wa kweli au wa uongo, atakayepakia mzigo kwenye basi kabla hela haijaingia. Hata mwaminifu anaogopa kwamba mzigo ukifika tutaukataa, na simlaumu. Kwa hiyo mikoani tunalipa kwanza, halafu tunalisubiri basi. Tapeli analijua hilo kuliko wizara yako. Ndiyo maana kabla hata ya kunitajia bei aliniuliza, "Dada, uko mkoa gani?"

Alinitumia mpaka picha ya risiti ya basi. Kisha akadai elfu arobaini ya mtu wa mizigo. Nilipomwomba namba ya konda, akanibloku.

Nikapiga simu huduma kwa wateja ya kampuni ya simu niliyotumia kulipa. Nikajibiwa kwa upole mkubwa kwamba muamala umekamilika na hela haiwezi kurudishwa bila idhini ya aliyeipokea. Mheshimiwa, naomba uisome tena sentensi hiyo. Mwizi aombwe ruhusa! Nikaelekezwa polisi. Kituoni nikapewa RB, namba ya kumbukumbu ya taarifa yangu, nikaambiwa mambo ya mtandao yana wataalamu wake, nitapigiwa. Simu ninayo, ina chaji.

Tangu hapo nguo za wateja nazipeleka kwa watu wengine zikapigwe ovaloki, kwa kulipia kila kipande. Faida inaishia huko. Sare za kwaya za Krismasi zilinipita kwa sababu sikuweza kuahidi tarehe. Binti niliyekuwa namfundisha kazi nilimwambia apumzike kidogo, na anapumzika hadi leo. Ada ya mwanangu nimeilipa nusu. Sikuandikii ili unihurumie, nataka ujue 780,000 ni nini huku kwetu.

Sasa nikukumbushe kidogo. Tulipanga foleni za NIDA, tukapanga foleni za kusajili laini kwa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 ambao hawakusajili wakaanza kuzimiwa. Tuliambiwa hiyo ndiyo dawa ya uhalifu wa simu. Haya, namba iliyopokea hela yangu ina jina kamili, lilitokea kwenye kioo kabla sijabonyeza namba ya siri. Ina kitambulisho na ina kidole. Kidole cha nani? Mimi nahisi ni cha mama wa watu asiyejua lolote, aliyeambiwa na msajili wa chini ya mwavuli, "Weka tena, haijasoma," kumbe inasajiliwa laini ya pili. Wengine mtaani wanasema matapeli wanakula na watu wa ndani. Ushahidi wa hilo sina, ila mkikaa kimya litaendelea kusemwa. (Msomaji mwenzangu, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.)

Sheria hazijapungua. Mwaka 2015 zilitungwa mbili, ya Makosa ya Mtandao na ya Miamala ya Kielektroniki, na hii ya pili inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anuani. Mwaka 2018 mwenye blogu alitakiwa kuwa na leseni, na akapatikana bila shida. Mwaka 2021 ilipoanza tozo ya miamala, mfumo ulijua kukata saa hiyo hiyo, usiku na mchana, hata sikukuu. TRA nayo inawatafuta wauzaji wa mtandaoni ili walipe kodi. Kwa hiyo uwezo wa kumfuata mtu na hela yake upo. Unapotea pale tu hela inapotakiwa kurudi upande wetu.

Kampeni ya Sitapeliki nimeisikia, na namba 15040 ya kuripotia matapeli naijua. Ahsante kwa vyote viwili. Lakini kampeni inanifundisha mimi niliyeibiwa, na kuripoti namba hakuizuii hela kutolewa kwa wakala.

Nilikuwa na maombi mengi, nimebakiza moja. Mtu akiripoti, hela iliyoingia kwenye ile namba isimamishwe hapo hapo, saa 24, saa 48, mtakavyoona, uchunguzi ufanyike hela ikiwa bado ndani. Mwenye namba akiwa mwaminifu ataonyesha risiti ya basi, mzigo utaonekana, atafunguliwa hela yake. Kaa na Benki Kuu, kaa na kampuni za simu, kaa na polisi, mkubaliane nani atabonyeza hicho kitufe. Na wenye kurasa za namna hii wafuatwe, maana wanabadilisha majina tu. Lakini kwanza hela. Izuieni hela.

Namba zote mbili tunazo, yangu ya mwaka jana na ya mwenzangu ya juzi. Tunayo majina yaliyotokea, mazungumzo yote, na RB mbili. Ofisi yako ikituma mtu tutamkabidhi nakala siku hiyo hiyo. Ila afanye haraka, kwa sababu ule ukurasa leo asubuhi umetangaza ofa ya mwisho wa mwezi, na chini yake watu wa mikoani wameanza kuuliza bei.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi cherehani, Songea