Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana katika maonesho yetu. Shule hii iko karibu na mwalo wa Ziwa Victoria, na wengi wetu tumekulia majini tukioga, tukichota maji na kuosha dagaa. Ndiyo maana mwaka huu tulichagua kusoma kichocho cha tumbo, ugonjwa wa mnyoo anayetuingia tukiwa majini, hasa jambo ambalo darasani hatukulifikia: sukari iliyo juu ya mnyoo.

Si sukari ya chai. Uso wa seli, ziwe zetu au za mnyoo, umevikwa minyororo midogo ya sukari, na zipo protini ziitwazo lektini ambazo huinasa minyororo hiyo, kila lektini na sukari yake. Hata jikoni zimo. Maharage mekundu yasiyoiva huvuruga tumbo kwa sababu ya lektini, nazo huharibika yakichemka vizuri. Mama mpishi wetu alicheka sana kusikia kwamba miaka yote amekuwa akipambana na kitu chenye jina.

Mheshimiwa, mnyoo jike wa kichocho cha tumbo hutaga mayai mamia kwa siku, na mengi hayatoki na choo. Hukwama kwenye utumbo na ini. Juu ya yai kuna sukari iitwayo Lewis X, ambayo imo pia kwenye baadhi ya chembe zetu nyeupe za damu. Seli za kinga huinasa kwa lektini iitwayo DC-SIGN, na watafiti wanaona hapo mojawapo ya njia za mnyoo kuutuliza mwili. Lakini yai lina sukari nyingine, adimu kwa binadamu, na hiyo hunaswa na lektini yetu iitwayo galektini-3. Seli za kinga hulizingira yai, kivimbe hutokea, na baada ya miaka ini hujaa makovu. Hapa ndipo tulipobishana hadi kengele ikalia: kumbe sehemu kubwa ya ugonjwa huu inatokana na kinga yetu wenyewe.

Lewis X hiyohiyo humchongea mnyoo. Mnyoo aliyekomaa hutapika kwenye damu kitu chenye Lewis X nyingi, kikatoka na mkojo, na kipimo cha haraka hukigundua. Kinachokinasa kwenye kipimo ni kingamwili, si lektini, lakini kinachonaswa ni sukari.

Mheshimiwa, kila mara tunapopewa kingatiba ya prazikwanteli, yaani dawa ya kichocho, tunapimwa kwa fimbo ya urefu ili kujua idadi ya vidonge na kunywa uji kwanza. Tunashukuru. Ila dawa hiyo haiui vizuri minyoo michanga wala haizuii maambukizi mapya, na jioni hiyohiyo tunarudi ziwani. Kwa hiyo tunaomba kingatiba iwafikie pia wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa, ambao hawapangi foleni shuleni. Tunaomba choo pale mwaloni; kwa sasa hakuna hata kimoja. Na kama mfuko utaruhusu, tunaomba hadubini ya pili, maana iliyopo tunaigombania watu arobaini.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, Klabu ya Sayansi