Kabla ya kurekodi Ijumaa

Asalaam aleikum ndugu zangu. Jana usiku nimeitazama tena video ya wimbo wetu pale Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu. Sauti imetoka vizuri, mashallah, lakini sekunde 12 za mwanzo ni watu wanapanga viti na punda anapita. Mtu wa TikTok hangoji. Tuanze pale udi unapolia. Simu ishikwe wima, uso wa mwimbaji uonekane, na turekodi uani, maana upepo wa bahari unameza maneno.

Maneno yenyewe tuyaandike juu ya video. Kiamu chetu, Kiswahili cha Lamu, ni mali. Mgeni akiyasoma ataweza kuimba nasi.

Tafadhalini, msinunue wafuasi. Mimi niliwahi kulipa, wakatoweka ndani ya wiki, na inaniuma hadi leo. YouTube haigawi pesa za matangazo mpaka chaneli ifikishe wafuatiliaji 1,000, na juu ya hao ama saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ama video fupi zitazamwe mara milioni 10 kwa siku 90. Hao wa kununua hawasikilizi hata dakika moja.

Tukutane Ijumaa baada ya Alasiri, kwangu. Simu ziwe na chaji.