Mwanangu, Akhwari alimaliza lakini Kibo sio Mexico

Mwanangu Neema,

Meseji yako nimeisoma, nimefurahi mmepata tarehe ya kupanda Kilimanjaro. Ila hiyo sentensi ya mwisho, kwamba kama Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, alimaliza na goti bovu basi na wewe kileleni Uhuru utafika hata kwa kutambaa, imeninyima usingizi mama, kwaio naandika.

Akhwari namheshimu sana. Olimpiki ya Mexico City, Oktoba 1968, marathoni walianza 75 wakamaliza 57, yeye wa mwisho, kaanguka njiani goti likaumia vibaya, akafungwa bandeji akaendelea mpaka uwanjani, masaa 3 na dakika 25, wakati Mamo Wolde wa Ethiopia kashamaliza wa kwanza zaidi ya saa nzima kabla yake. Watu wanakumbuka bandeji tu, wanasahau 1970 kule Edinburgh, michezo ya Jumuiya ya Madola, alikua wa 5 kwenye marathoni. Ule moyo ulikua na mazoezi chini yake. Na kilichoumia ni goti, kichwa kilikua kizima, alijua yuko wapi na anaenda wapi. Alafu Mexico City ni mita kama 2,240, hata Mandara, kambi yenu ya kwanza, haijafikia! Wewe unaenda 5,895, kule kila pumzi unapata kama nusu ya oksijeni ya Dar, na mlimani kitu cha kwanza kuharibika ni hicho hicho kichwa unachotegemea kikupe moyo.

Nimebeba mizigo kama mgumu, ndo wapagazi tunavyoitwa mlimani, nimeongoza wageni, nimeona vijana wa mazoezi wanalia pale juu ya pango la Hans Meyer. Usiku wa kutoka kambi ya Kibo kwenda kileleni ndo mtihani. Mnaondoka kama saa sita usiku, changarawe ikiwa bado imeganda maana jua likishaipiga unapiga hatua moja unarudi nusu, baridi kali, giza, na ukiinua macho unaona mataa ya waliotangulia yananing'inia huko juu kama hayana mwisho. Usiyaangalie. Angalia kisigino cha aliye mbele yako, hesabu hatua hamsini, simama, pumua, anza moja tena. Usiwaze Uhuru kabisa, waza kona inayofuata tu. Saa tisa saa kumi hivi akili itakuletea kila sababu ya kurudi, utajiuliza nani alinituma, hiyo ni kawaida, ni uchovu na baridi na usingizi, kunywa maji, tafuna kitu, imba hata kimoyomoyo, hapo ndo uvumilie kweli kweli. Na ukifika Gilman's, pale ukingoni mwa kreta, usidhani umemaliza, wengi wanalegea pale wakati Uhuru bado saa moja na nusu au mbili.

Sasa sikiliza vizuri. Kuchoka ni kitu kimoja, kuumwa mlima ni kingine. Ukiona unayumba kama mlevi, ukiambiwa utembee kisigino kwa kidole kwenye mstari huwezi, au unaongea vitu havieleweki, au umekaa chini kabisa na pumzi bado haitulii na kifua kinakohoa, hapo hakuna uvumilivu mwanangu, unashuka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, hata kama bendera unaiona. Ubongo ukivimba au mapafu yakijaa maji hayasubiri mtu awe shujaa. Na kwa sababu mwenyewe hutajua, maana ndo ugonjwa ulivyo, mwambie anaewaongoza leo, ukiwa na akili timamu, kwamba akisema shuka hutabishana, na umpe ruhusa akushike mkono akuteremshe.

Na hiyo safari ya siku tano ikatae, lipeni ya sita, mlale Horombo, kambi ya pili, usiku wa ziada, mchana mpande kidogo mpaka kwenye miamba ya Zebra Rocks alafu mrudi chini kulala. Hela ya nyongeza nitatuma mimi, mama yako keshakubali. Chupa ya maji igeuze kichwa chini ndani ya soksi isigande mdomoni.

Nipigie kabla hamjalipa, na namba yangu mpe anaewaongoza, nataka niongee nae.

Baba